Sioni: naweza kuweka Windows peke yangu?

Swali: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, Lamu mjini, na sioni tangu utotoni. Laptopu yangu ina Windows 10 na NVDA, programu inayonisomea skrini kwa sauti. Kila ikiharibika napanda boti hadi Mokowe kutafuta fundi, na nikirudishiwa nakuta NVDA haipo na faili zangu zimekwenda. Sasa naambiwa Windows 10 imekwisha muda. Naweza kuweka Windows 11 mwenyewe, bila mtu wa kunisomea skrini?

Jibu: Mwalimu, unaweza. Mimi pia sioni, na hapa Malindi kazi hii naifanya kwa mikono yangu. Wateja wengine hawaamini mpaka waone skrini nimeizima kabisa na bado nachapa.

Kinachotutatiza ni vile vipindi ambavyo mashine inanyamaza, nawe hujui kama imenyamaza kwa kuwa inafanya kazi au kwa kuwa inakungoja wewe. Mengine yote ni Tab na Enter.

Uliyoambiwa ni kweli: msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kabla ya lolote, iweke programu ya Microsoft iitwayo PC Health Check, ambayo NVDA inaisoma, ikuambie kama laptopu yako inaikubali Windows 11. Inataka RAM ya GB 4, diski ya GB 64, TPM 2.0 (kipengele cha usalama cha mashine) na prosesa iliyomo kwenye orodha yao. Prosesa ndiyo inayowakwamisha wengi.

Ikikubali, na maadamu Windows yako ya sasa bado inawaka, achana na kusakinisha kwa flashi. Pakua faili ya ISO, yaani Windows 11 nzima katika faili moja, kutoka tovuti ya Microsoft, nenda juu yake ubonyeze Enter, itafunguka kama diski. Ndani yake endesha setup. Maswali yote utaulizwa hapo hapo huku NVDA yako ikizungumza. Kwenye ukurasa wa mwisho kuna mahali pa kubadilisha kitakachobaki. Ukibakisha faili na programu, NVDA nayo inabaki. Ukichagua Nothing, kila kitu kinafutwa. Hiyo iache kwa mashine iliyooza. Faili zako zinakili nje hata hivyo. Na betri ijae kabla hujaanza, kwa sababu stima ya huko kwenu unaijua kuliko mimi.

Ukishakubali, mashine itajizima na kujiwasha mara kadhaa, kimya. Usiiguse. Mimi huweka kiganja juu ya tundu la feni: ikiwa inapuliza hewa ya moto, kazi inaendelea. Joto likishatulia muda mrefu, bonyeza Ctrl, Windows na Enter kwa pamoja. Hivyo ndivyo anavyoamshwa Narrator, kisoma skrini kinachokuja na Windows yenyewe. Bonyeza mara moja, kisha subiri. Vitufe hivyo hivyo ndivyo vinavyomzima, na ukirudia kwa pupa utakuwa unamwamsha na kumlaza, halafu uape kwamba hafanyi kazi.

Sasa ile siku mbaya, Windows imekufa haiwaki. Hapo ndipo flashi ya GB 8 yenye Windows ya kusakinisha inahitajika, na uiandae leo, mashine ikiwa nzima. Tatizo letu la zamani ni ile menyu ya kuchagua mashine iwake kutoka wapi: haizungumzi, haijawahi kuzungumza. Kama Windows inawaka walau kidogo, shikilia Shift huku ukichagua kuwasha upya, kisha uchague kuwakia kwenye kifaa. Ukiulizwa ufunguo wa BitLocker, kufuli ya Windows inayolinda diski, kwa kawaida uko kwenye akaunti yako ya Microsoft. Kama haiwaki kabisa, chukua simu, ielekeze kamera kwenye skrini, na mtu wa kujitolea wa Be My Eyes, programu ya simu inayotuunganisha na wanaoona, akusomee. Ni dakika mbili. Sioni aibu hapo, na wala sihesabu kuwa nimefanyiwa kazi.

Mashine ikishaanza kuwaka kutoka kwenye flashi, ngoja dakika mbili tatu, kisha Ctrl, Windows na Enter. Tangu toleo la 1709 la Windows 10, la mwaka 2017, Narrator anaitika hata ndani ya usakinishaji huu. Asipoitika, mara nyingi kinachokosekana ni draiva ya sauti. Chomeka hedifoni za USB ujaribu tena.

Ukurasa wa diski ndio wa kuuogopa. Utasomewa nambari ya kila diski, kama Disk 0 au Drive 0, na ukubwa wa kila sehemu. Chomoa kila diski ya nje kabla hujafika hapo. Mimi niliwahi kuisahau ya mteja, nikaifuta nikidhani ni ya ndani, na humo mlikuwa na rekodi za kasida za Maulidi za miaka mingi. Nilimlipa, lakini zile sauti hazikurudi. Tangu siku hiyo nausoma ukubwa wa diski mara tatu, na nisipouelewa nazima mashine.

Baadaye ukifika kwenye maswali ya mwanzo, mwamshe Narrator tena. Wi-Fi ikigoma, unganisha simu kwa waya wa USB uipe laptopu bando kutoka huko.

PC Health Check ikikataa laptopu yako, usinunue nyingine kwa haraka. Debian, mfumo wa bure wa Linux unaoweza kuchukua nafasi ya Windows, ina usakinishaji unaozungumza tangu toleo la 7, la mwaka 2013: washa kwa flashi, ngoja mlio, bonyeza s kisha Enter, na kila swali linasomwa pamoja na nambari za majibu yake. Kwangu mimi ndiyo laini kuliko zote, ingawa utalazimika kujifunza Orca, kisoma skrini cha huko, badala ya NVDA.

Jambo la kufanya usiku huu: bonyeza kitufe cha NVDA (kwa kawaida Insert) pamoja na N, ingia kwenye zana, utengeneze nakala ya NVDA ya kubebeka uiweke kwenye flashi nyingine. Ndani yake kuna sauti ya eSpeak ya Kiswahili. Ina mkwaruzo kama redio ya mbao, lakini siku Windows mpya itakapofunguka bila kitu, utaichomeka na utasomewa papo hapo.