Maswali ya Wasomaji: Mac na Linux katika Ofisi ya Windows

SWALI

Kwako Mshauri,

Mimi ni msimamizi wa kitengo cha usanifu katika kampuni inayochapisha vitabu vya shule, hapa Eneo la Viwanda. Ofisi nzima hutumia Windows. Mkurugenzi alitununulia kompyuta mbili za Mac kwa kazi ya kupanga kurasa, lakini huu ni mwezi wa tatu afisa wetu wa TEHAMA anakataa kuziunganisha na mtandao. Anasema hazitafungua folda za pamoja, hazisimamiki kama zile nyingine, na kwamba hakuajiriwa kutunza mashine asizozijua. Kwa hiyo tunahamisha kazi kwa flashi, na juzi tulikaribia kumpelekea mpiga chapa toleo la zamani la kitabu. Mkurugenzi ametuambia tumalizane wenyewe. Je, nimrudie mkurugenzi, au ninunue kiruta (router) changu nijiunganishie?

Msomaji, Nairobi

JIBU

Ndugu msomaji, usinunue kiruta. Natanguliza hilo kwa sababu nimeyaona matokeo yake. Katika ofisi moja niliyowahi kufanya kazi, mwenzetu alichoka kusubiri ruhusa, akachomeka kiruta kidogo cha nyumbani kwenye tundu la mtandao lililokuwa ukutani. Kiruta kile kikaanza kugawa anwani kwa kompyuta za ghorofa nzima, maana hiyo ndiyo kazi kiliyoundiwa, na kila kompyuta iliyopokea anwani hizo haikuiona tena seva wala printa. Mafundi walihangaika nusu siku nzima kabla ya kukikuta chini ya meza, na ombi la mwenzetu, ambalo lilikuwa la haki kabisa, halikusikilizwa tena mwaka ule.

Hoja ya kwanza ya afisa wenu ilikuwa na uzito zamani. Lakini tangu mwaka 2013, toleo la 10.9 la mfumo wa Mac lilipotoka, Apple iliifanya SMB, itifaki ile ile ambayo Windows hutumia kugawana faili, kuwa njia ya kawaida ya Mac pia. Aidha, Mac inaweza kusajiliwa katika Active Directory, daftari la Windows linalotunza akaunti na ruhusa za ofisi nzima, hivyo mfanyakazi akaingia kwa jina na nywila zile zile anazozitumia kwenye Windows, na ruhusa zake katika seva zikabaki kama zilivyopangwa. Kinachokwamisha kazi hiyo mara nyingi ni kidogo mno. Mac isipoelekezwa kwenye seva ya majina (DNS) ya ofisi yenyewe, inayoonyesha kila seva iko wapi, badala ya ile ya kampuni ya intaneti, haitaiona Active Directory hata mkijaribu kutwa nzima. Na ikiwa saa yake imepishana na ya seva kwa zaidi ya dakika 5, kwa kawaida itakataliwa bila maelezo ya kueleweka. Kompyuta iliyokaa miezi mitatu nje ya mtandao ikaguliwe saa kabla ya jambo jingine lolote.

Baada ya hapo kuna mambo ambayo ni ninyi wasanifu mtakaoyasababisha, na ni haki mumweleze mapema. Mac huacha faili ndogo zilizofichwa, ziitwazo .DS_Store, ndani ya kila folda inayofunguliwa, na nimeona wahariri wakizidhania kuwa virusi. Upo mpangilio wa kuizuia isiziandike kwenye seva, nao uwekwe siku ya kwanza. Majina ya faili nayo yachungwe: Mac hukuruhusu kuliandika jina lenye alama ya kuuliza au nyota, ilhali Windows haizikubali alama hizo. Kuhusu diski za nje, Mac husoma diski ya muundo wa NTFS, ambao ndio wa kawaida wa Windows, lakini haiiandikii, kwa hiyo diski ya kupitishana kati ya pande mbili iundwe kwa exFAT, muundo ambao pande zote mbili huusoma na kuuandikia. Mashine yenu kubwa ya kunakili, ikiwa inadai namba ya idara kabla ya kuchapisha, itahitaji programu ya mtengenezaji wake iliyoandikwa kwa ajili ya Mac. Njia ya mkato ambayo Mac hujitafutia printa yenyewe huenda isitoe nafasi ya kuiandika namba hiyo.

Sasa nije kwenye hoja ya usimamizi, ambayo naiona ndiyo kiini cha ugomvi wenu. Afisa wenu hazichukii Mac. Anaogopa kuulizwa juu ya kitu asichokuwa na ufunguo wake, na hofu hiyo ni ya halali. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, data binafsi zikiangukia mikononi mwa asiyestahili na kukawa na hatari ya kweli ya kuwadhuru wahusika, kampuni inatakiwa kumwarifu Kamishna wa Data ndani ya saa 72. Mac ikiibwa ndani ya matatu ikiwa na mikataba ya waandishi, yeye ndiye atakayesimamishwa mbele ya mkurugenzi.

Kwa hiyo mpelekeeni funguo. Mfungulieni akaunti ya msimamizi katika kila Mac, nanyi wenyewe mfanye kazi kwa akaunti za kawaida zisizoweza kusakinisha programu bila yeye. Washeni FileVault ili diski isimbwe, na msimbo wa kuifungulia akae nao yeye. Hakikisheni pia kwamba hakuna Mac iliyofungwa kwa akaunti binafsi ya Apple ya mfanyakazi, kwani akiondoka bila kuitoa, kampuni inaweza kubaki na kompyuta isiyoweza kuandaliwa upya. Najua wasanifu wengi huona uchungu kuachia madaraka hayo, lakini katika madai yenu yote sioni jingine litakalomgeusha haraka kama hilo.

Kisha mwombeni aunganishe Mac moja tu, kwa siku 30, akiiwekea ruhusa ya folda za usanifu peke yake. Mteueni mmoja wenu awe wa kwanza kuitwa tatizo likitokea, ili simu ya saa kumi na moja jioni isimwendee yeye. Mkumbusheni kwa upole kwamba flashi mnazozitumia sasa hupita nje ya ulinzi wake wote na hazimwachii kumbukumbu yoyote katika seva. Na kama atasema seva bado inategemea toleo la kwanza la SMB, mwungeni mkono aibadilishe kabla ya kuunganisha chochote: ni kupitia udhaifu wa toleo hilo ndipo WannaCry, programu hasidi iliyofunga faili na kudai fidia, ilipoenea Mei 2017 na kukwamisha hospitali za Uingereza.

Mkurugenzi mwendeeni baadaye, mkiwa pamoja na afisa huyo, kuomba fedha za mafunzo yake.

SWALI

Mshauri, mimi niko upande wa pili. Ndimi mtu wa TEHAMA katika sacco moja katikati ya jiji. Kompyuta zetu nyingi zilibaki na Windows 10 na hazikubali Windows 11. Vijana wa ofisini wanashinikiza tuweke Ubuntu, mojawapo ya mifumo ya Linux. Nimekataa mara mbili. Je, nimekosea?

Msomaji, Nairobi

JIBU

Hukukosea kutahadhari, lakini kukataa hakukuachi salama. Masasisho ya kawaida ya usalama ya Windows 10 yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Microsoft huziuzia taasisi nyongeza ya hadi miaka 3, kwa dola 61 kwa kila kompyuta mwaka wa kwanza, na bei hiyo huongezeka maradufu kila mwaka. Kabla ya kulipa, fungua mipangilio ya msingi (BIOS) ya kila mashine uone kama kipande cha usalama cha TPM 2.0, ambacho Windows 11 hukidai, kimo lakini kimezimwa tu.

Zitakazobaki, Ubuntu ya LTS, yaani toleo la kutunzwa kwa muda mrefu, huzipa masasisho ya miaka 5 bila malipo ya leseni, na kwa programu za realmd na SSSD wafanyakazi wataingia kwa akaunti zao zile zile za Active Directory. Swali la kuamua ni moja: je, mfumo wa sacco hufunguliwa katika kivinjari, au ni programu iliyosakinishwa kwenye Windows? Ikiwa ni programu, Linux haifai kwenye dawati hilo, isipokuwa kwa kuifikia programu hiyo kutoka mbali kwenye seva ya Windows yenye leseni halali. Mhasibu naye abaki na Windows, kwani fomu za iTax, mfumo wa kodi wa KRA, zenye makro (amri za kujiendesha) za Excel zinaweza kukwama katika LibreOffice, programu za ofisi zinazotumika kwenye Linux. Kwa barua za kawaida, sakinisha fonti za Carlito na Caladea, ambazo upana wa herufi zake ni sawa na wa Calibri na Cambria, ili kurasa zisivurugike.

Anza na kompyuta ya mapokezi, na umwombe mhudumu aandike kila anachokwama nacho kwa wiki 4, kabla hujagusa dawati la pili.