Mume wangu amesusa kura, nami nimechoka kubeba mitungi

*Somo, salaam aleikum. Nina miaka 34, huu mwaka wa kumi na moja nimeolewa na nina watoto watatu. Twaishi Mombasa, nyumba ya kupanga, ghorofa ya tatu. Maji yaja mara moja kwa wiki, tena saa nane za usiku. Nikisikia bomba likikoroma naruka kitandani: najaza pipa, najaza mitungi, najaza hata masufuria. Mume wangu hageuki ubavu. Kukicha aoga mtungi mzima wa lita 20, kisha aniuliza mbona maji yaisha haraka. Jagi la maji ya kunywa hulirudisha frijini likiwa na tone moja. Taarifa ya habari ya saa moja ndiyo balaa. Kila uso unaotokea, "Mwizi! Na huyu naye mwizi!" mpaka tokeni za stima ziishe, na wa kununua nyingine ni mimi.*

*Hayo ningeyavumilia. Lakini mtu huyuhuyu mwaka 2022 alitoka nyumbani saa kumi alfajiri kupanga foleni. Sasa ameapa hapigi kura tena, na mimi nisipige, eti hakuna mtu wa nyumba yake atakayetia kidole wino kwa ajili ya wezi. Juzi niliichukua fulana yake ya kampeni, imetoboka kwapani, nikadekia. Alipoiona kwenye ndoo alinuna siku mbili. Nimfanyeje, Somo? Nimlazimishe kwenda? Mimi mwenyewe nataka kuhamisha kura yangu, maana nilijiandikisha Likoni nikiwa kwa wazazi, lakini kitambulisho changu amekifungia kwenye begi lake la kuwekea karatasi za nyumba. Ni mimi, Mama Mitungi.*

Waaleikum salaam, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, hasa hapo kwenye jagi. Mara ya pili sikucheka, kwa sababu niliusoma ule mstari wa mwisho polepole. Umeandika habari za mitungi, za tokeni, za fulana, ukaja kukitupia kitambulisho mwishoni kabisa, kama mtu anayekumbuka chumvi wakati sahani zishaondolewa. Basi mimi nitaanzia huko.

Kitambulisho chako ni chako. Sijui kama amekifungia kwa ubaya. Wako wanaume ambao kila karatasi ya nyumba lazima ikae begi moja, vyeti vya kuzaliwa, risiti za kodi, hata dhamana ya redio iliyokufa zamani, na funguo wanazo wao. Labda wako ni wa aina hiyo. Lakini begi lenye kufuli, na mtu aliyeapa hutapiga kura, vikikutana havipendezi. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 38, inampa kila raia mtu mzima haki ya kujiandikisha na ya kupiga kura kwa siri. Haikusema mke akipewa ruhusa. Kifungu cha 45 kinasema wanandoa wana haki sawa ndani ya ndoa, si siku ya harusi peke yake. Na tuseme kura hakuna kabisa: bila kitambulisho hutoi pesa kwa wakala, hupiti kwenye jengo lenye askari mlangoni, na mtoto akiugua usiku waanza kubembeleza begi. Mtu mzima haishi hivyo.

Kiombe mchana. Asiwe na njaa, na isiwe wakati wa habari. Usikiombe kwa jina la kura, kiombe kwa jina lake: "Nipe kitambulisho changu, nataka kikae kwenye mkoba wangu." Akikuuliza cha nini, mwambie ni changu. Usiongeze neno. Akikataa, usipandishe sauti na usivunje kufuli. Mwendee yule mzee wa upande wake ambaye yeye humwinamishia kichwa, kila mume ana mmoja, umweleze mbele ya mama yako. Wazee wakishindwa, chifu yupo. Na kama ulipokuwa ukisoma maneno haya moyo ulikupiga kwa sababu wajua ukikiomba utapigwa, basi barua yako ilikuwa nyingine na hukuniandikia. Niandikie hiyo. Lakini kabla ya kuniandikia, nenda kwanza kwa wazazi Likoni, wewe na watoto.

Ukishakipata, usikae nacho. Nenda ofisi ya IEBC, ile tume ya uchaguzi, ya eneo bunge unaloishi sasa, uombe kuhamishwa kituo. Uchaguzi ni tarehe 10 Agosti 2027, na mlango wa kuhamisha hufungwa miezi kabla ya siku yenyewe. Watu wengi hudhani kuhama nyumba ni kuhama na kura, wakafika siku ya kura kwenye shule iliyo karibu nao na majina yao yako ng'ambo ya kivuko.

Sasa tuje kwa bwana.

Wauliza umlazimishe? La. Kenya hakuna sheria ya kumburuta mtu kwenye sanduku, na mke asijitungie yake. Kura yake ni haki yake hata kwa kutoipiga. Unachoweza kumkatalia ni kukususisha na wewe.

Lakini nataka umtazame vizuri kabla ya kumwita mvivu wa kura. Mtu aliyetoka saa kumi alfajiri, giza, hajanywa chai, si mtu asiyejali. Unakumbuka mwaka ule Mombasa ulivyokuwa? Wakenya wengi walipewa karatasi sita za kura tarehe 9 Agosti. Sisi na Kakamega tukapewa tano, kwa sababu karatasi za ugavana zilikuja na makosa, uchaguzi wa gavana ukaahirishwa. Tuliambiwa tarehe, ikasogezwa tena, hadi 29 Agosti. Mimi na goti langu nilipanga foleni mbili mwezi mmoja. Mara ya pili nilikuta foleni ni watu wa kuhesabu, na kijana mmoja alinitania, "Bibi, umekuja kuangalia kama bado tupo?" Hata ile siku ya kwanza kaunti yetu ilikuwa mkiani nchi nzima kwa watu waliojitokeza. Chini ya nusu ya waliojiandikisha. Nchi yenyewe ilikuwa imeshuka: mwaka 2013 walijitokeza kama watu 86 kwa kila 100, mwaka 2022 kama 65. Hao waliobaki nyumbani ni karibu milioni nane. Mumeo ana wenzake wengi, na si wote wajinga.

Na ile fulana? Mwanangu, mtu aliyekwisha na siasa hanuni siku mbili kwa ajili ya tambara. Ile ni nguo aliyovaa siku aliyoamini. Wewe uliona kwapa limetoboka, yeye aliona ndoo ya maji machafu na mwaka 2022 umo ndani. Anapomwita kila mtu mwizi mbele ya televisheni, mimi namsikia kama mtu aliyeachwa na mchumba, anayepita mitaani akisema wanawake wote hawafai. Maneno hayo hayajibiwi kwa hoja. Kwa hiyo usimhubirie umuhimu wa kura. Atakushinda. Ana mifano mingi kuliko wewe, na mingine ni ya kweli.

Muulize kitu kidogo zaidi. Nyumbani kwenu, kama kwangu, uchaguzi umekuwa ni rais tu. Yeye ndiye anayetukanwa saa moja jioni, yeye ndiye anayesusiwa. Lakini ndani ya zile karatasi sita kuna moja ya mwakilishi wa wadi, MCA, ambayo watu huitia tiki wakiwa wamechoka, wakati mwingine kwa kufuata rangi ya chama. Muulize: MCA wetu anaitwa nani? Nakubashiria atasita. Kiti cha urais mwaka 2022 kiliamuliwa kwa tofauti ya kura 233,211, na mtu wa ghorofa ya tatu ana haki ya kujiona tone baharini. Kwenye wadi, kura mia chache zaweza kumpitisha mtu au kumlaza nje. Jengo lenu na majengo mawili ya jirani yatosha kumnyima usingizi mgombea.

Sitakudanganya kwamba MCA atakuletea maji. Mombasa hata tone hatuna letu la maana, visima vya kisiwani vyatoa maji ya chumvi. Maji matamu yetu hutoka Mzima huko Tsavo, hutoka Baricho, Marere na Tiwi, kaunti za wenzetu, na yale mabomba makubwa ya kuyaleta ni mambo ya serikali kuu. Lakini yakishafika mjini, kuyagawa mitaani ni kazi ya kaunti, kama ilivyo kazi yake taka na taa za barabarani. Na bajeti ya kaunti hupitishwa na hao MCA, baada ya kuwaita watu watoe maoni. Mimi nimeketi kwenye vikao hivyo. Viti vya plastiki, soda moja, na nusu ya waliokuja ni jamaa za mkubwa. Nimewahi kuuliza kwa nini mtaa wa nyuma yangu wapata maji siku tatu na sisi siku moja. Sikupata jibu siku ile. Wiki ya pili fundi alikuja kukagua valvu. Maji hayakuongezeka sana, yaliongezeka siku moja, na nilipojaza mitungi yangu mchana wa jua kali kama mtu huru nililia kidogo. Mpe mumeo kikao hicho. Ile sauti anayoimaliza sebuleni huko itapata kazi.

Akikataa na hilo, mwache. Kuna jambo jingine ambalo halingojei Agosti.

Mwanangu, umeandika kurasa juu ya mwanaume asiyetaka kupiga kura, lakini kinachokuchosha ni saa nane za usiku. Ningekuwa wewe, siku atakayopiga kelele za wezi ningemuuliza kwa upole, na usingizi wangu miaka kumi na moja nani kauiba? Mtu aliyeamka saa kumi kwa ajili ya mgombea anaweza kuamka saa nane kwa ajili ya mtungi. Ni tofauti ya saa mbili.

Wekeni zamu. Wiki yako, wiki yake. Kengele itegwe kwenye simu yake, si yako, na simu ikae upande wake wa kitanda. Ikifika wiki yake, bomba likikoroma jifunike shuka. Hapo ndipo patakapokuwa pagumu, kwa sababu utataka kuruka. Usiruke. Watoto wakienda shule na uso wa kupanguswa kwa kitambaa siku moja hawatakufa, na maji ya mkokoteni atanunua yeye, ayabebe yeye hadi ghorofa ya tatu. Kule juu ndiko atakakojifunza uzito wa lita 20. Nakuahidi ataanza kuoga kwa makopo.

Tokeni pia zigawe. Anayewasha televisheni ndiye anayenunua. Akitaka kuwatukana wanasiasa kwa stima yake mwenyewe, ni starehe yake.

Jagi sina dawa. Marehemu mume wangu aliliacha hivyohivyo miaka 29, na alikuwa mtu mwema wa swala tano. Nunua la pili ulifiche nyuma ya sufuria ya wali.

Lakini ile fulana ulikosea, na wewe ndiye wa kuanza. Imebaki? Itoe kwenye ndoo, iloweke kwa sabuni, ishone lile kwapa, ikunje uiweke kwenye kabati lake bila kusema lolote. Kitambulisho kiombe kesho yake. La kudekia lisikusumbue, nina leso niliyopewa kwenye kampeni za 2013, ina picha ya mtu ambaye hata jina lake nimelisahau. Nusu nimedekia, nusu ingalipo. Mtume mtoto aje aichukue.