Wadogo zangu wa kaboni, kwanza nionyesheni blanki

Nimekaa kwenye mawasilisho yenu wiki hii, nyie mnaoanza utafiti wa kusafisha maji kwa kaboni, yaani mkaa wa kunasa vichafuzi, hapa Arusha na wenzenu waliopanda kutoka Moshi, na nimetoka na moyo mzito. Slaidi baada ya slaidi, "kaboni yetu ya maganda ya kahawa imeondoa asilimia 98", afu hakuna hata mmoja aliyeonyesha blanki, yaani chupa ya maji yaleyale isiyo na kaboni! Nawapenda, mnajituma, mnakesha na sheka, ile mashine ya kutikisa chupa, usiku kucha, ila kwa hili siwezi kunyamaza.

1. Blanki. Hapa nikae kidogo. Kuna rafiki yangu tulisoma naye, mtu makini kuliko wengi wetu, alikuwa anafanya ethinilestradioli, ile homoni ya vidonge vya uzazi wa mpango. Maganda alikuwa anayafuata Moshi mwenyewe, anarudi na magunia kwenye basi, anachoma, anaosha, anakausha, kaboni inatoka nzuri kweli. Matokeo yakaja matamu, supavaiza akafurahi, tukampongeza wote. Na jibu lilikuwa kwenye grafu muda wote, hakuna aliyeliona: dozi ndogo kabisa na dozi kubwa kabisa zilitoa karibu namba ileile. Jamani, kaboni haina tabia hiyo, ukiipunguza lazima kinachobaki kwenye maji kiongezeke. Siku ya kujieleza mbele ya kamati mzee mmoja akamuuliza kwa upole tu, "kijana, haya maji ukiyapitisha kwenye filta yako bila kaboni, unapata ngapi?" Hakuwa na jibu. Akarudi maabara akapitisha, na homoni karibu yote ikabaki kwenye filta ya nailoni, ile ya kuchujia kaboni kabla ya kupima maji. Nailoni inazishika sana molekuli zenye kundi la fenoli, na ile homoni ni mojawapo, kwa hiyo miezi yote ile alikuwa anapima filta ya sirinji akidhani anapima kaboni. Isothemu zote, zile grafu za kaboni inanasa kiasi gani, zikafutwa. Maganda ya msimu ule yalishaisha, ya msimu mpya yakatoa kaboni isiyofanana na ya kwanza, hela ya utafiti nayo ikawa imekatika. Alimaliza, ndiyo, lakini kwa kuchelewa na kwa madeni, na nikiona filta za nailoni mezani kwenu nawaza yeye.

Basi kila siku ya kazi weka blanki ya chupa (maji yenye kichafuzi, bila kaboni) na blanki ya filta (maji hayohayo yaliyopita kwenye filta, bila kaboni). Tumia chupa za kioo, filta za nyuzi za kioo, mililita za mwanzo mwaga.

2. Methilini bluu, ile rangi ya kujaribia kaboni. Inafaa kulinganisha kaboni moja na nyingine, basi. Unapima rangi kwa miligramu nyingi kwenye lita afu unaandika kwamba kaboni itasafisha viuatilifu vilivyopo kwa nanogramu? Miligramu 1 ni nanogramu milioni 1, huko chini mambo ni mengine kabisa.

3. Maji ya kweli. Chukua ya mto Themi, usijifungie na maji safi ya maabara. Mtoni kuna mabaki ya majani na udongo yaliyoyeyuka, yanahesabiwa kwa miligramu wakati kichafuzi chako kinahesabiwa kwa mikrogramu au chini ya hapo, na yote yanagombea vitundu vilevile vya kaboni, mengine makubwa yanaziba mlango kabisa. Ndo maana uwezo uliopata kwenye maji safi ukiutumia kukadiria kolamu, ile bomba lililojazwa kaboni maji yapite, kolamu itachoka mapema sana na watu watakunywa wakidhani wako salama.

4. Methanoli ya stoku, ile uliyoyeyushia kichafuzi chako, isizidi sehemu 1 kwa 1,000 ya ujazo. Kaboni ikaushe kwa nyuzi 105 kabla ya kupima uzito, inavuta unyevu hewani. Chembe zisage, la sivyo utasubiri ulinganifu, yaani kaboni ifike mwisho wa kunasa, wiki na wiki. Na ioshe mpaka pH itulie, maana pH ikihama molekuli nazo zinabadilika chaji: sulfamethoksazoli, ile ya kwenye septrini, kwenye pH 7 nyingi ina chaji hasi na inanasa vibaya kuliko karbamazepini, dawa ya kifafa, isiyo na chaji. Kwa hiyo mkisema "kaboni inaondoa dawa" nitawauliza dawa gani.

5. Mkienda vijijini kuchukua sampuli, mama wa kwanza atakayewapokea atauliza kama mkaa wenu unatoa floraidi, maana meno ya watoto wake yaliyoharibiwa na floraidi ameyaona. Mwambieni ukweli palepale: huu wa maganda hautoi floraidi ya maana. Mkaa wa mifupa ndio unaoitoa, kwa sababu ya kalsiamu fosfeti iliyomo, na Ngurdoto kuna kituo kilichofanyia kazi jambo hilo. Muelekezeni huko, msimwachie ndoo ya kaboni yenu.