Tazama ubavu kwanza: kuchagua matairi ya pikapu hapa Goma

Mdogo wangu unayeanza kazi na gari la 4x4 hapa Goma, siku utakapotumwa kununua matairi, muuzaji atakuonyesha meno ya tairi. Atapitisha vidole katikati ya yale marefu na kukuhakikishia kwamba tope la Masisi, kule milimani, haliliwezi tairi hili. Mwache amalize. Kisha mwombe alisimamishe, usome ubavu.

Mji wetu umekaa juu ya mawe ya volkano. Moto wa Nyiragongo ulishuka Januari 2002 ukapita katikati ya mji mpaka ziwani, ukashuka tena Mei 2021. Mawe yale meusi yakivunjika yanakuwa na makali kama chupa, na kwenye njia za ndani za Katoyi au Ndosho adui si jiwe lililo chini ya tairi. Ni lile la pembeni, linalokuchana unapobana kumpisha mwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo. Pancha ya chini, kwado, yaani fundi wa matairi, anaiziba na safari inaendelea. Ubavu uliochanika hauna tiba ya kuaminika. Hata akiushona na kubandika kiraka ndani, mahali pale panajikunja kila gurudumu linapozunguka, mpaka siku papasuke ukiwa umebeba watu.

Nililijifunza hili vibaya. Mwaka wangu wa kwanza nilinunua matairi manne ya okazio, yaani yaliyokwisha tumika, ya tope, yenye meno ya kupendeza. Wiki ya tatu, tukipanda kutoka Sake na saruji nyuma, mawili yakachanika siku moja, nasi tulikuwa na tairi moja la akiba. Tulilala njiani na mvua. Asubuhi, kwa mara ya kwanza, nilisoma tarakimu nne zinazomaliza mstari wa ubavuni unaoanza na herufi DOT, ndiyo tarehe ya kutengenezwa: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 3519 maana yake ni wiki ya 35 ya 2019. Matairi yangu yalikuwa yamepita miaka kumi. Meno hayakuwa yameisha kwa sababu yalikaa tu, huku mpira ukikauka na kufanya nyufa ndogo ubavuni ambazo mimi nilizidhania vumbi.

Hapo hapo ubavuni kuna maandishi madogo yanayotaja tabaka za nyuzi zilizo ndani ya mpira: ngapi chini ya meno, ngapi ubavuni. Ukikuta tatu ubavuni, lishike hilo. Usidanganywe na herufi E, inayoitwa tairi la tabaka 10: hicho ni kipimo cha nguvu, tabaka zenyewe ni chache zaidi. Namba ya mzigo nayo isome. 112 ni kilo 1,120 kwa tairi moja, 120 ni kilo 1,400. Uzito wa gari lenyewe umo ndani ya hesabu hiyo, na ukipakia saruji, matairi ya nyuma ndiyo yanayoumia.

Kuhusu meno, nasema wazi ninachoamini: kama unalala Goma na unapanda milimani mara moja moja, chukua tairi la njia zote lenye ubavu mgumu. La tope linapiga kelele, linaisha haraka kwenye lami, na lami ikilowa linateleza. Anayeishi Masisi wakati wa mvua, huyo ana haki ya kulinunua. Alama ya M+S (tope na theluji) isikupotoshe, matairi mengi ya kawaida yanayo.

Saizi, fuata ya gari lako. Hilux nyingi zinavaa 265/65R17. Ukipanda hadi 265/70R17 kipenyo kinaongezeka karibu milimita 26: kata usukani mpaka mwisho uone kama tairi linagusa, na ujue kwamba sasa unakimbia zaidi ya inavyoonyesha saa ya mwendo. Usichanganye saizi mbele na nyuma. Ukifunga 4x4 magurudumu yote yanalazimishwa kwenda pamoja, na yasipolingana, giya ndizo zinazolipa.

Kwenye tope zito, teremsha upepo mpaka karibu bari 1.5 ili tairi lilale na kushika. Lakini likilala, ubavu unavimba nje, yaani unaupeleka wenyewe kwenye jiwe. Kwa hiyo beba pampu, na ukitoka kwenye tope piga upepo kabla hujaingia kwenye mawe, hata kama abiria wanalalamika kwamba unawachelewesha.

La tano linunue pamoja na manne, saizi ile ile. Kisha kila Jumamosi gari likiwa baridi, ingia chini na upitishe kiganja kwenye ubavu wa ndani, ule usioonekana ukisimama. Ukigusa uvimbe kama yai, tabaka zimekatika tayari. Litoe siku hiyo hiyo.