Maswali ya Wasomaji: Faili ya Kesi ya Zamani Tana River Nitaipataje?

SWALI: Mhariri, pokea salamu zangu. Mimi ni mzaliwa wa Tana River, ila kwa sasa nafanya kazi Mombasa. Mwaka 2011 nilishtakiwa kwa kosa la kujeruhi baada ya ugomvi wa malishoni. Nilikaa rumande wiki mbili, nikatoka kwa dhamana ya pesa taslimu, na baada ya kuhudhuria mahakamani mara kadhaa nikaambiwa kwamba kesi imeondolewa na niende zangu nyumbani. Sikupewa karatasi yoyote. Sasa nimepata kazi Qatar, wakala anadai cheti cha tabia njema, nami nahofia kwamba alama za vidole zitaifufua kesi ile. Nimelitafuta jina langu kwenye intaneti nisione kitu. Je, rekodi hizo zingalipo, na nianzie wapi?
Msomaji, Likoni.

JIBU: Ndugu yangu, kutoliona jina lako kwenye intaneti hakukuthibitishii lolote, la heri wala la shari. Uamuzi unaochapishwa mtandaoni na Kenya Law, chombo cha umma kinachochapisha sheria na hukumu, ni hasa wa Mahakama Kuu na mahakama zilizo juu yake, ilhali kesi ya kujeruhi husikilizwa na hakimu, na isipokatiwa rufaa hubaki palepale ilipoamuliwa. Nao mfumo wa kuwasilisha kesi kwa njia ya kielektroniki ulianza Nairobi mwezi Julai 2020, ukaenezwa katika mahakama za nchi nzima mwezi Machi 2024. Kesi yako ilifunguliwa kwenye karatasi, na itatafutwa kwenye karatasi.

Anza kwa kuijua mahakama yenyewe. Watu wengi hudhani kwamba mpaka wa kaunti ndio mpaka wa mahakama, kumbe mwaka 2011 serikali za kaunti hazikuwa zimeanza kazi. Zilianza baada ya uchaguzi wa Machi 2013. Kwa anayetoka Tana River, mahali pa kwanza pa kuulizia ni Hola, kisha Garsen, ambako siku hizi pia kuna Mahakama Kuu. Ikiwa ulikamatwa upande wa juu, tuseme Madogo, ambako ukivuka mto tu umeingia Garissa, ulizia Garissa vilevile. Na ikiwa ulikamatwa huku chini karibu na Kipini, usiache kuulizia Malindi na Lamu. Piga simu kabla ya kufunga safari, kwa kuwa wakati wa mvua nyingi mto hufurika na barabara ya kati ya Madogo na Garissa hukatika, na nauli ya kwenda kuulizia tu ni nauli iliyopotea bure.

La pili, nalo ndilo litakalokuokolea muda kuliko yote, ni nambari ya kesi. Mafaili ya masjala hupangwa kwa nambari na mwaka, hayapangwi kwa majina. Karani ukimtajia jina pekee unampa kazi ya kupekua. Ukimtajia nambari unampa kazi ya kunyoosha mkono. Umesema ulitoka kwa dhamana ya pesa taslimu. Basi itafute risiti ile, hata kama ni kwenye sanduku la mama, kwa maana nambari ya kesi huandikwa humo. Tena, ikiwa kesi iliondolewa na hukuwahi kudai pesa zako, risiti hiyohiyo ndiyo utakayozidai nayo. Ikiwa imepotea, kumbuka kwamba ulikaa rumande: gereza halimpokei mtu bila hati ya mahakama, na hati hiyo huonyesha kesi yake. Kituo cha polisi kilichokukamata nacho kina kitabu cha matukio, kile ambacho kila mtu hukiita OB, na nambari ya OB huandikwa juu ya hati ya mashtaka. Aliyekuwa wakili wako, kama ulikuwa naye, huenda bado ana jalada lake.

Ikiwa yote hayo yameshindikana, hapo ndipo udogo wa mahakama ya mashambani unapogeuka kuwa neema. Kila mahakama huweka rejista ya kesi za jinai, ambamo kesi huingizwa moja baada ya nyingine kadiri zinavyofunguliwa, pamoja na jina la mshtakiwa, kosa lake na namna kesi ilivyokwisha. Katika jiji kubwa, kusoma rejista ya mwaka mzima ni kazi ya kumkatisha mtu tamaa. Katika mji kama Hola, mtu anayekumbuka mwezi aliofikishwa mahakamani anaweza kutafutiwa mstari wake kwa subira ya asubuhi moja. Kwa hiyo jikumbushe: ilikuwa kabla ya Ramadhani au baada yake, wakati wa kiangazi au wa masika? Kumbukumbu za namna hiyo hupunguza kurasa.

Baada ya kuipata nambari, andika barua fupi kwa hakimu anayesimamia kituo hicho, ukitaja nambari ya kesi, majina yako kama yalivyoandikwa wakati ule, nambari ya kitambulisho na sababu ya ombi lako, kisha uombe nakala zilizothibitishwa za hati ya mashtaka na amri ya mwisho. Huhitaji mwenendo mzima wa kesi, ambao huchukua muda mrefu kuchapwa iwapo hakimu aliuandika kwa mkono. Haki ya kupata nakala hizo si fadhila ya karani: Ibara ya 50 ya Katiba ya 2010 inampa mshtakiwa haki ya kupata nakala ya mwenendo wa kesi yake katika muda unaofaa baada ya kesi kumalizika, kwa ada ya kiasi iliyowekwa na sheria. Ada hiyo hulipwa kwa njia rasmi ya malipo ya mahakama nawe ukapata risiti, wala hairushwi kwenye simu ya mtu binafsi.

Sasa niruhusu nikae kidogo kwenye neno lako "imeondolewa", maana hapo ndipo penye uzito. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ina milango kadhaa ya kuiondoa kesi, na haifanani. Upande wa mashtaka ukiiondoa chini ya kifungu cha 87(a), kabla mshtakiwa hajatakiwa kujitetea, mshtakiwa huachiliwa tu. Hilo si tamko kwamba hana hatia, na anaweza kushtakiwa tena kwa mambo yaleyale. Ikiondolewa na mlalamikaji mwenyewe kwa idhini ya mahakama chini ya kifungu cha 204, mshtakiwa huachiliwa kwa kuonekana hana hatia, na jambo limekwisha. Ikiwa mashahidi walisikilizwa na hakimu akaona hakuna kesi ya kujibu, kifungu ni cha 210, nacho pia humwachilia moja kwa moja. Ugomvi wa malishoni mara nyingi huishia kwa wazee, mahakama ikaarifiwa tu kwamba pande mbili zimepatana, na washtakiwa wengi hutoka pale wakishukuru Mungu bila kuuliza kifungu kilichotumika. Ukiipata amri yako, soma kifungu kwanza.

Upo uwezekano wa kuambiwa kwamba faili imeharibiwa. Sheria inaruhusu mahakama kuteketeza mafaili ya zamani baada ya muda uliowekwa, lakini si kimyakimya: tangazo hutolewa katika Gazeti Rasmi la Kenya, likitaja mahakama husika na mafaili yanayokusudiwa, na watu hupewa miezi mitatu kabla mafaili hayajateketezwa. Ukiambiwa hivyo, omba uthibitisho huo kwa maandishi, pamoja na nakala iliyothibitishwa ya ukurasa wa rejista wenye kesi yako.

Kuhusu cheti chenyewe, kiombe kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, ada yake ikiwa shilingi 1,050, kisha ukachukuliwe alama za vidole. Idara ya Upelelezi wa Jinai ndiyo inayokitoa, na kumbukumbu zake hazijirekebishi zenyewe mahakama inapomwachilia mtu. Kwa sababu hiyo tangulia kuitafuta amri ya mahakama, uwe nayo mkononi, ili ukiulizwa kuhusu kesi ile ujibu kwa karatasi.

SWALI: Mhariri, ninatarajia kuolewa na mtu wa kaunti nyingine, na nimesikia fununu kwamba aliwahi kufungwa. Je, nina ruhusa ya kwenda masjala nikaangaliziwa jina lake?
Dada, Kilifi.

JIBU: Dada yangu, kesi za jinai husikilizwa hadharani na hukumu husomwa mbele ya watu, kwa hiyo kuuliza kama kesi fulani ilikuwapo na iliishaje si kosa. Kuipekua faili yote ni jambo jingine. Sheria inawapa nakala wale walioguswa na hukumu, na mtu wa nje atatakiwa aeleze haja yake, hakimu aamue. Kesi zinazohusu watoto hufungiwa kabisa.

Hata hivyo ningekuonya juu ya majina. Huku kwetu mtu na binamu yake wanaweza kuitwa sawasawa hadi jina la babu, na rejista ya mahakama haina picha. Nimewahi kumwona mtu akivunja uchumba kwa sababu ya mstari uliokuwa wa binamu. Cheti cha tabia njema hutolewa kwa alama za vidole, na mwenye vidole ndiye anayekiomba. Mwambie mchumba wako akitafute, nawe uangalie tarehe ya kutolewa kwake.