Tambi za Kamba na Ngisi Hazimsubiri Mgeni

Mara ya kwanza nilipopika tambi za vyakula vya baharini kwa chakula cha sikukuu, kamba waligeuka kamba kweli, wale wa kufungia mizigo. Tulikuwa wanane mezani. Kitambaa cheupe kimetandikwa, mishumaa imewashwa, nami nimebadilisha nguo mara mbili. Mtoto wa shemeji, aliyekuwa na miaka sita, alitafuna kipande kimoja mpaka mama yake akamruhusu akiteme. Hakuna aliyenilaumu. Mama mkwe aliisifu saladi, tena mara tatu, nikaelewa.

Mapishi niliyoyafuata hayakuwa na kasoro. Kilichoniponza ni saa. Niliwaambia wageni waje saa moja jioni, na saa moja kamili chakula kilikuwa tayari. Wa mwisho aliingia saa mbili kasoro dakika kumi. Muda wote huo sufuria ilikaa juu ya moto mdogo, imefunikwa, nikijiambia kwamba naizuia isipoe. Kamba anahitaji dakika tatu motoni. Wangu walikaa hamsini. Tambi nazo zilikuwa zimeunyonya mchuzi wote na kuvimba kama mkate uliolowekwa.

Wali unasubiri. Nyama ya kuchemsha inasubiri, tena hunoga zaidi. Tambi za vyakula vya baharini hazisubiri, na ukishalikubali hilo utapanga siku yako yote vingine. Siku hizi kazi yangu naigawa mafungu mawili: kazi za mchana, ambazo zaweza kukaa saa nyingi bila kuharibika, na kazi ya dakika kumi na tano za mwisho, ambayo siianzi mpaka kila mgeni awe ameketi kitini. Ndiyo, ameketi. Si aliye njiani, wala aliyepiga simu kusema amekaribia.

Chakula chenyewe kina asili inayoeleweka. Nchini Italia mkesha wa Krismasi kwa desturi ni siku ya kutokula nyama, kwa hiyo meza hujaa samaki na viumbe vya baharini, na tambi za kome au za kamba ni jambo la kawaida usiku huo. Wamarekani wenye asili ya Italia wameikuza desturi hiyo ikawa karamu ya samaki wa aina saba. Mimi aina tatu zinanitosha. Ukizidisha, kila kimoja kina muda wake wa kuiva, na wewe una mikono miwili tu.

Kwa watu wanane natumia gramu 800 za tambi kavu, yaani gramu 100 kwa mtu. Kama kuna vyakula vingine vizito, 80 zinatosha. Kamba wenye vichwa na maganda kilo moja na robo hivi, ngisi gramu 600, kome kilo moja na nusu. Nyanya ndogo zilizoiva vizuri gramu 600, punje sita za kitunguu saumu, mafuta ya zeituni bila ubahili, pilipili moja kavu, malimau mawili, na fungu la kotimiri. Kilo ya kamba mzima isikudanganye: ukiondoa vichwa na maganda, unabaki na nusu yake au pungufu.

Lakini usiwanunue waliokwisha menywa. Hili ndilo ningelipigia mstari kama ningekuwa nashika kalamu. Ladha ya chakula hiki haimo katika nyama ya kamba, imo katika vichwa na maganda yake, na watu huvitupa kwenye pipa la taka. Mimi asubuhi nawamenya, nampasua kila mmoja mgongoni na kuutoa ule utumbo mweusi, nyama nairudisha kwenye friji. Vichwa na maganda navikaanga katika sufuria kwa mafuta ya zeituni, moto mkali, mpaka viwe vyekundu na jikoni pote panukie. Navipondaponda kwa mwiko ili vichwa vitoe rojo lake. Kisha kitunguu maji kimoja kilichokatwa vipande vikubwa, kijiko kimoja cha nyanya ya kopo, maji lita moja na nusu, na dakika ishirini na tano za kuchemka taratibu. Zisizidi sana, maana maganda yakichemka muda mrefu mchuzi huanza kuwa mchungu. Nikichuja, nairudisha motoni ipungue mpaka ibaki nusu lita hivi. Supu hiyo ya rangi ya machungwa ndiyo itakayowafanya watu waulize umetia nini.

Kuhusu kamba wa friza, usione haya. Wengi wanaouzwa juu ya barafu kama wabichi waligandishwa kwanza, kisha wakayeyushwa dukani, na huwezi kujua wamelala hapo siku ngapi. Waliogandishwa unawayeyusha mwenyewe kwenye friji usiku kucha. Ukisahau, na mimi nimesahau, waweke ndani ya mfuko uliofungwa vizuri kisha uuzamishe katika maji baridi kwa nusu saa hivi. Maji ya moto usijaribu. Nyama ya nje itaanza kuiva kabla ya ndani kuyeyuka.

Kome ndio wanaotisha watu, na kwa kiasi fulani wana haki ya kutisha. Nazungumzia wale wenye maganda meusi mawili yanayofungana. Wanapaswa kuwa hai mpaka wanapoingia sufuriani. Wasugue chini ya maji yanayotiririka, zivute zile nyuzi zinazoning'inia kama ndevu, na mwenye ganda lililopasuka mtupe. Aliye wazi mgonge kidogo kwa kisu: akijifunga yu hai, asipojifunga aende na wenzake waliopasuka. Usiwafungie katika mfuko wa plastiki usiopitisha hewa wala usiwalaze katika maji ya bomba, watakufa. Bakuli lililofunikwa kwa kitambaa chenye unyevu, ndani ya friji, ndiyo mahali pao.

Hawa nawafungua muda mfupi kabla ya wageni kufika. Sufuria pana iwe ya moto sana, tia mafuta, punje moja ya kitunguu saumu, kome wote, funika. Baada ya dakika tatu au nne watakuwa wamefunguka. Waliokataa kufunguka nawatupa bila majadiliano. Yale maji waliyoyatoa ni dhahabu, lakini yana mchanga, kwa hiyo yachuje kwa kitambaa safi. Naondoa maganda ya wengi na kubakiza kumi na tano hivi ndani ya maganda yao, kwa ajili ya macho tu. Sikukuu ni pamoja na macho.

Ngisi yeye ana tabia ya ajabu. Anakuwa laini akipikwa chini ya dakika mbili, au akipikwa zaidi ya nusu saa; katikati ya hapo ni mpira wa baiskeli. Moto huikaza nyama yake haraka, na inabidi upike muda mrefu sana ndipo zile nyuzi ngumu zianze kulainika tena. Kwa hiyo unachagua upande mmoja. Kwa chakula cha wageni mimi nachagua upande mrefu, ingawa wapishi wengi watanicheka. Namkata pete nyembamba, namtia katika sosi ya nyanya mchana, namwacha achemke polepole dakika arobaini na tano. Hapo ninapunguza jambo moja la kuhangaikia usiku, na sosi inapata mwili. Upande mfupi ni mtamu, nakubali, ila unataka mpishi asiyesalimiwa na mtu wakati anapika.

Sosi yenyewe haina siri. Mafuta ya zeituni mengi kwenye sufuria pana, kitunguu saumu kilichokatwa vipande vyembamba kikolee bila kuungua, pilipili, nyanya zilizokatwa nusu, ngisi, kisha ile supu ya maganda. Wanaotumia mvinyo mweupe hutia kikombe kimoja na kuuacha uvukize kabla ya nyanya. Asiyetumia hapungukiwi kitu: maji ya limau mwishoni hufanya kazi ileile ya kuleta ukali. Chumvi usitie bado. Maji ya kome yana chumvi ya bahari, na nimewahi kuharibu sosi nzima kwa mkono wa mazoea.

Ikifika saa kumi jioni kila kitu kipo tayari na hakuna kilichoiva kupita kiasi. Sosi ipo sufuriani, kamba wabichi wapo kwenye friji wamepanguswa maji kwa karatasi, kotimiri imekatwa. Unaweza kwenda kuoga.

Wageni wakishaketi, wape mkate na kitu kidogo cha kuanzia. Wataongea. Hapo ndipo unapowasha moto.

Waitalia wana hesabu rahisi ya kukumbuka: lita 1 ya maji, gramu 10 za chumvi, gramu 100 za tambi. Kwa chakula hiki mimi napunguza chumvi hadi gramu 7 kwa lita, kwa sababu ya kome. Na kwa gramu 800 hesabu hiyo inadai lita nane, ambazo sufuria nyingi za nyumbani hazizibebi. Lita sita zinatosha ukikoroga vizuri dakika mbili za mwanzo ili tambi zisishikane. Mafuta ndani ya maji ya tambi hayana kazi. Yanaelea juu tu. Cha muhimu ni kuyachemsha maji hayo mapema, yafunikwe, yasubiri. Maji yanasubiri.

Tambi zikiwa ndani ya maji, kikaangio cha pili kiwe cha moto mkali. Kamba wanaingia kwa mafungu, wasibanane. Ukiwarundika wote mara moja moto unashuka, wanatoa maji, unaishia kuwachemsha badala ya kuwakaanga. Dakika moja na nusu upande mmoja, nusu dakika upande wa pili, toa. Angalia umbo lao: kamba aliyejikunja kidogo kama mundu ameiva, aliyejiviringisha mpaka mkia ukagusa shingo ameshapita. Watoe wakiwa bado na dalili ya ubichi katikati, wataimalizia safari ndani ya sosi.

Tambi zitoe dakika mbili kabla ya muda ulioandikwa kwenye pakiti, zikiwa na kiini kigumu ukiziuma. Usizimwage kwenye chujio ukayapoteza maji yake! Chota vikombe viwili vya maji hayo kwanza. Yamejaa wanga, na wanga huo ndio unaoyafunga mafuta na mchuzi vikawa kitu kimoja kinachong'ang'ania tambi, badala ya dimbwi la mafuta chini ya sahani. Zihamishie kwa koleo moja kwa moja kwenye sufuria ya sosi, tia maji ya kome na kikombe cha maji ya tambi, ongeza moto, na uzungushe kwa nguvu dakika mbili. Itaonekana kama mchuzi ni mwingi mno. Vumilia, zinaendelea kunywa hata zikiwa njiani kwenda mezani. Kome na kamba wanaingia sekunde thelathini za mwisho, kisha zima moto, kotimiri, maji ya limau, mafuta mabichi kidogo, na sasa onja chumvi.

Kosa lingine nililolifanya zamani ni kujaribu kumalizia tambi za watu wanane kwenye kikaangio cha kawaida. Nusu ilimwagika juu ya jiko. Ukizidi watu wanne, malizia kwenye sufuria pana kabisa uliyonayo.

Jibini sitii. Waitalia wengi hawaweki jibini kwenye tambi za baharini, nami sifuati kwa sababu ya sheria yao, ila jibini kali huimeza ladha ya kome usiisikie tena. Mgeni akiomba mpe, nyumba ni yake. Ninachopenda ni chenga za mkate mkavu zilizokaangwa kwa mafuta ya zeituni mpaka ziwe za dhahabu. Kusini mwa Italia huzinyunyiza juu ya tambi pale ambapo wengine wangeweka jibini, na mlio wake mdomoni unapendeza sana karibu na ulaini wa ngisi.

Jambo moja la kuuliza siku mbili kabla, si mezani: nani haruhusiwi kula kamba au kome? Mzio wa viumbe hawa ni wa hatari, unaweza kufunga pumzi ya mtu, na kumtolea kamba sahanini mwake hakusaidii kwa sababu supu yao imeshaenea kila mahali. Huyo mpikie sosi ya nyanya pembeni, sufuria yake, mwiko wake, na maji yake ya tambi.

Mabaki yasikae mezani zaidi ya saa mbili. Yaingie kwenye friji, na yaliwe kesho yake. Usiyapashe kama unavyopasha wali. Kikaangio, vijiko vitatu vya maji, moto wa wastani, na mara tu mvuke unapopanda kila upande, epua. Au fanya kama mimi: simama mbele ya friji asubuhi, mlango wazi, ule yakiwa baridi kwa uma kabla wengine hawajaamka.