Mwalimu wa kupanda miamba anapodharau kofia na fundo

Dada, nimekuelewa. Umejifunzia kupanda kwenye ukuta wa ndani hapa Nairobi, na sasa mzee mmoja mzoefu anataka kukupeleka kwenye miamba ya Lukenya, ila anasema kofia ngumu na fundo la mwisho wa kamba ni mambo ya waoga. Unahofia ukibisha utaonekana huna adabu.

Miaka mingi bila ajali haithibitishi kwamba njia zake ni salama. Mtu anaweza kurudia kosa lilelile kila wiki na mwamba usimwadhibu.

Fundo hilo la mwisho wa kamba ling'ang'anie. Kamba ya mita 60 ikipitishwa juu na kurudi chini hutosha njia ya mita 30 tu. Njia ikizidi hapo, mshika kamba anapokushusha, ncha isiyo na fundo huchomoka kwenye kifaa chake cha kuzuia kamba, nawe unaanguka. Ukishuka mwenyewe kwa kamba iliyokunjwa, funga ncha zote mbili na uache mkia wa sentimita 30 hivi kila upande. Kofia nayo ni ya mawe yanayodondoshwa na aliye juu, hata kwako uliyesimama chini.

Mwambie: "Mzee, mimi bado najifunza, naomba tukaguane kabla ya kupanda." Kagueni mshipi, fundo la nane linalokuunga na kamba, na karabina (pete ya chuma ya kuunganishia) kama imefungwa. Hapo hakuna utovu wa adabu wowote. Akikasirika, usipande naye.

Mountain Club of Kenya, chama cha wapanda milima, ipo tangu 1949. Panda na wanachama tofauti ulinganishe. Kujiwekea nanga za kushikilia kamba kwenye mwamba, hapana, usijifunze kwa kutazama: mlipe mkufunzi aliyehitimu.